Timu ya Chini ya Ngazi

Chumba cha simu cha chuo kilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo majengo mengine huweka mifagio. Aliyekikalia kwa miaka kumi na saba alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau, na kuanzia mkuu wa chuo hadi mfagiaji wote walimwita Mama Halo. Hakuwa na mtoto aitwaye Halo. Kwa kweli hakuwa na mtoto kabisa. Lilikuwa tu neno alilolitamka mara mia tatu kwa siku, na watu wavivu wa kubuni majina huokota lililo karibu.

Simu ikiingia, alimuuliza mtu anamtaka nani, akabonyeza namba ya ndani, basi. Namba zote mia moja na arobaini alikuwa nazo kichwani. Kila mwisho wa mwezi mtambo wa simu ulitapika karatasi ndefu yenye orodha ya simu zote: nani kapiga, kampigia nani, saa ngapi, kwa sekunde ngapi. Kazi yake ilikuwa kuipitia mstari kwa mstari na kutafuta zisizo za ofisi. Kwa hiyo alijua mengi, na aliyoyajua aliyameza. Angeweza kukuambia kwamba mhasibu na mkutubi hawapigiani kila siku saa sita kasoro kwa ajili ya vitabu. Hakukuambia. Mtambo ulikuwa na kitufe cha kusikilizia mazungumzo ya watu, naye siku yake ya kwanza kazini alikibandika plasta ya kidonda, ikakaa hapo mpaka ikawa nyeusi.

Mwaka huo ililetwa barua. Mtambo ungeng'olewa, ungewekwa mwingine unaojiunganishia simu wenyewe, na Mama Halo "atapangiwa majukumu mengine". Kila mfanyakazi wa chuo kile alijua kwamba majukumu mengine ni mlango wa kwenda nyumbani.

Kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, alifundisha kompyuta hapo hapo chuoni, ghorofa ya pili. Watu walimwita Mwalimu, hata mama yao mzazi alimwita Mwalimu. Jirani akimuuliza mama huyo habari za wanawe, alianza na Mwalimu, akamaliza na Mwalimu, na kama chai ilikuwa bado ipo kikombeni aliongeza, "Na yule mwingine yupo kwenye simu."

Basi siku moja baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alishuka ngazi akiwa na fomu mkononi.

"Dada, niandikie jina lako hapa."

"Nauzwa?"

"Huuzwi. Ni mashindano ya kudukua."

"Kudukua! Kaka, umri huu unataka nikalale rumande?"

Mwalimu alicheka, akavuta kiti. Akamweleza kwamba waandaaji hutengeneza tovuti za bandia, za hospitali isiyokuwepo na duka lisilokuwepo, wakaziacha na matundu kwa makusudi. Ndani ya kila moja huficha mstari mmoja wa maandishi, unaitwa bendera. Ukipenya ukaipata, unaituma, unapewa alama. Haibiwi mtu. Ni mwenye nyumba anayewaambia majirani, jaribuni kuingia kwangu mnionyeshe dirisha bovu liko wapi. Zipo raundi mbili za mchujo, nusu fainali, halafu fainali, na wanaofika fainali hupokelewa mwaka mzima kwenye kituo cha ulinzi wa mitandao, wakifundishwa, na wakimaliza kazi ipo. Timu lazima iwe ya watu watatu.

Hayo ya mwisho kuhusu kazi ndiyo yaliyomfanya achukue kalamu.

Wa tatu alikuwa Fundi Kufuli, mwenye kibanda mbele ya lango la chuo. Alikuwa amekuja kufungua stoo iliyojifunga, na alipomwona Mwalimu akiandika nenosiri aliuliza maswali mengi kiasi kwamba Mwalimu alimpa fomu ili anyamaze. Wakajiita Chini ya Ngazi.

Wiki za mwanzo Mama Halo alikuwa gizani. Fundi alimtangulia, kwa sababu kwake tovuti ilikuwa mlango tu: alitafuta bawaba kabla ya kugusa kufuli. "Mwenye nyumba anatia kufuli kubwa mbele," alisema, "halafu dirisha la choo anaegesha tofali." Mara ngapi walikuta tofali hilo! Ukurasa wa kuingilia una ulinzi kama benki, na pembeni kuna ukurasa wa zamani ambao mtu alisahau kuufuta, uko wazi.

Zamu ya Mama Halo ilifika wiki ya tano. Walipewa faili la kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila aliyeitembelea tovuti na saa aliyoitembelea, wakaambiwa wamtafute mvamizi. Mwalimu alikuwa anatafuta maneno ya hatari. Yeye alisoma tu, mstari kwa mstari, kama alivyozoea.

"Huyu hapa," alisema. "Anakuja kila baada ya sekunde arobaini na saba. Hachelewi, hawahi. Binadamu hapigi hodi hivi. Hii ni mashine."

Mwalimu aliinama, akahesabu, akamgeukia. "Una jicho, dada."

Maneno matatu tu. Mama Halo aliyabeba hadi nyumbani, akayarudia jikoni akiosha sufuria. Katika maisha yake yote ya kuwa mdogo wa Mwalimu, hakuwahi kuambiwa ana kitu chochote. Tangu siku hiyo alijifunza kwa njaa. Kaka yake alimpa kompyuta yake ya zamani yenye vitufe viwili vilivyong'oka, naye kila alasiri akitoka kazini alifanya maswali ya mazoezi. Alikosea, akarudia. Alijifunza kwamba kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake. Alijifunza kusoma msimbo wa ukurasa kwa nyuma, kama mshonaji anavyoigeuza nguo aone mshono. Na Mwalimu alimpa somo moja alilolipenda kuliko yote: "Mtu akifuta kitu, usihangaike na alichofuta. Tazama saa aliyofutia."

Raundi ya kwanza walipita. Ya pili walipita pia. Ilipita pia timu ya wanafunzi wa Mwalimu, Nyuki, na Mama Halo aliwapigia makofi kwenye korido kama shangazi yao. Mkuu wa chuo alitangaza mbele ya watu wote kwamba Nyuki watafika fainali, na kwamba Mwalimu ndiye atakayekabidhiwa ukuu wa idara wakifika. Asichokisema, kila mtu alikisikia: wasipofika, atakabidhiwa mwingine.

Jumamosi ya nusu fainali walianza saa mbili asubuhi. Mama Halo na Fundi walikuwa chini, Mwalimu alikuwa ofisini kwake juu, ambako alisema mtandao una nguvu zaidi. Walichokipata walikiandika kwenye daftari la pamoja, ukurasa wa mtandaoni ambao wote watatu waliweza kuusoma. Kutuma bendera ilikuwa kazi ya nahodha peke yake, na nahodha ni Mwalimu. Kufikia saa nne walikuwa wa tisa. Timu za kuingia fainali ni tano tu.

Swali lililobaki lilikuwa kumbukumbu za simu za hospitali ya bandia. Mistari elfu nne.

"Fundi, sogea," Mama Halo alisema. "Hapa nimefika kwetu."

Alisoma kwa dakika arobaini bila kunyanyua kichwa. Halafu akagonga meza. Kulikuwa na namba ya ndani iliyopigiwa mara nyingi na haikupokelewa hata mara moja, lakini kila simu ilikuwa imeandikiwa sekunde.

"Simu isiyopokelewa haina sekunde," alisema. "Sekunde za nini? Walikuwa wanaongea na nani?"

Aliziandika kwenye karatasi: tisini na nane, mia moja na moja, mia moja na kumi. Akazibadilisha kuwa herufi. B. E. N. Fundi aliachama. Neno likajikamilisha, na nyuma yake ukafuata mkia wa herufi na tarakimu ishirini na nne zilizochanganywa ovyo. Saa tano na dakika kumi aliiandika bendera nzima daftarini, akapiga ukelele uliomfanya mlinzi wa getini asimame.

"Kaka! Iko daftarini, itume!"

"Naiona," Mwalimu alisema kwenye simu. "Hongera, dada. Mtandao unasumbua kidogo."

Aliituma saa tano na dakika kumi na tisa. Walimaliza wa nne. Mama Halo alimkumbatia Fundi hadi kofia ikamdondoka, na Mwalimu aliposhuka akamkumbatia naye, akalia begani kwake bila aibu. Nyumbani mama yao aliwaambia majirani, "Mwalimu kaingia fainali." Hata hilo halikumuudhi. Alikuwa na furaha ya kumtosha.

Jumanne ilikuja barua ya jopo la mashindano. Saa tano na dakika kumi na nne, timu ya Nyuki ilijaribu kutuma bendera yenye mkia wa timu ya Chini ya Ngazi. Mfumo uliikataa na kuiandika. Timu zote mbili zimesimamishwa, maelezo yaletwe ndani ya siku tano.

Hapo ndipo ujuaji ulipomponza mtu. Raundi za mchujo bendera ilikuwa moja kwa timu zote, lakini kanuni za nusu fainali, ukurasa wa nne, zilisema wazi kwamba mkia wa bendera ni tofauti kwa kila timu, ili mwizi ajulikane, na ijulikane kachukua kwa nani. Mama Halo aliusoma ukurasa huo akiwa anakunywa chai. Mjuzi wa mashindano hakuusoma. Wajuzi hawasomi maelekezo.

Mwalimu alishuka, na kwa mara ya kwanza akaufunga mlango wa chumba cha simu.

"Dada, mimi na wewe ni damu moja," alisema taratibu. "Daftari tulikuwa nalo watatu. Sasa nani kabaki?"

"Fundi? Hapana, Kaka."

"Tunamjua? Mtu ambaye kazi yake ni kufungua vya watu?"

Akumulikaye mchana usiku hukuchoma, wahenga walisema, lakini mtu anapomulikwa haoni mkono ulioshika taa. Mama Halo alitoka na hasira zake hadi kibandani, akamwambia Fundi mbele ya wateja wawili kwamba ni mwizi, kwamba ameuza jasho lake, kwamba hakushangaa, maana anayezoea kufungua milango ya wengine mwishowe husahau wa kwake ni upi. Wateja walichukua funguo zao wakaondoka.

Fundi alizima mashine ya kuchongea. "Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi ngoja nikuambie. Mimi nikivujisha siri mara moja tu, Mama Halo, mtaa huu mzima utabadilisha kufuli na mimi nitakula vumbi. Pili, simu yangu ni hii." Alitoa simu ya vibonye iliyofungwa kwa mpira. "Haijui hata mtandao. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nimeshika kikombe. Herufi ishirini na nne zile niliziimba kwa nani, kwa kikombe?"

Mama Halo aliondoka akiwa na aibu kubwa, kwa sababu alikuwa kweli amemwona na kikombe hicho, muda wote.

Alhamisi alasiri alilifungua daftari la pamoja. Daftari la namna ile huweka historia yake: nani alifungua, saa ngapi, nani aliongezwa kulisoma, nani aliondolewa. Hakutafuta kilichofutwa. Alitazama saa. Saa tano na dakika kumi na mbili, Mwalimu alimwongeza msomaji mmoja. Saa tano na dakika kumi na sita alimwondoa. Anwani ilikuwa ya nahodha wa Nyuki.

Alirudi nyuma. Raundi ya pili, mara mbili. Raundi ya kwanza, mara mbili pia. Kila bendera aliyoitolea yeye jasho, Nyuki walikuwa wameisoma kabla haijatumwa.

Alikaa akiangalia skrini mpaka ikajizima yenyewe. Bado alimtetea kaka yake. Kabanwa, alijiambia. Mkuu kambana. Atashuka mwenyewe aniambie, ni kaka yangu. Akampa nafasi. Alisubiri Alhamisi hiyo hadi watu walipotoka kazini, akasubiri Ijumaa asubuhi, na kila aliposikia viatu kwenye ngazi juu ya kichwa chake aliweka uso tayari kwa kusamehe.

Saa nne simu iliingia. Sauti ya mwanamke, ya kiofisi.

"Naomba uniunganishe na Mwalimu wa kompyuta."

"Nimwambie ni nani, na kuhusu nini?"

"Jopo la mashindano. Ni kuhusu barua yake ya Jumanne, ile ya dada yake aliyekiri kuvujisha bendera. Tunataka tu athibitishe kabla hatujafunga faili."

Jumanne. Siku ile ile kaka yake alipofunga mlango na kusema damu moja. Kwake alimtaja Fundi, na kwa jopo akawa ameshamtaja yeye.

"Subiri kidogo," alisema, "nakuunganisha."

Akabonyeza namba. Taa nyekundu iliwaka kuonyesha kwamba wawili wale wanaongea, na ikaendelea kuwaka kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Plasta haikubandukwa. Ilipozimika, alisimama, akaziacha simu zikilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda ngazi.

"Kaka, jopo limekupata?"

"Limenipata. Nani kakuambia?"

"Mimi ndiye niliyewaunganisha."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Dada, nilikuwa nikuambie."

"Uniambie nini? Kwamba nimekiri?"

"Kaa kwanza. Wewe utafungiwa mwaka mmoja tu. Mimi nitapoteza idara, nitapoteza jina. Ukitajwa wewe, nani anakujua? Watasema mtu wa simu hakuelewa kanuni, watacheka, watasahau."

"Na Fundi?"

"Fundi nilimtaja kwako ili usinitazame mimi." Alilisema hilo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

"Na mwaka huu wote ulionifundisha, Kaka? Nao ulikuwa wa nini?"

Labda Mwalimu alichoka kudanganya, labda alidhani ukweli utamtuliza. "Mwalimu haruhusiwi kuona maswali ya wanafunzi wake. Mwenye timu anaruhusiwa. Nilihitaji majina matatu kwenye fomu, dada. Niliwachukua ninyi wawili kwa sababu nilijua hamtaweza kitu na hamtauliza kitu. Ulipoanza kuweza nilifurahi, nakuapia nilifurahi. Lakini timu ile haikuwa ya kushinda. Ilikuwa ya kuchungulia."

Kusingiziwa angekuvumilia, ndugu husingiziana. Kilichomkata maini ni yale maneno matatu aliyokuwa akiyabeba jikoni. Sasa hakujua ayaweke wapi. Kama yalikuwa ya kweli, yalisemwa na mtu aliyekuwa anamwibia dakika hiyo hiyo. Kama yalikuwa kilemba cha ukoka, basi alikivaa mwaka mzima akitembea nacho mbele za watu. Alitaka kutukana, akakosa tusi la kumtosha kaka yake. Akashuka.

Kabla ya saa tisa aliliandikia jopo, akaambatisha historia ya daftari, kila tarehe na kila dakika.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Jina lake na la Fundi yamesafishwa. Nyuki wamefungiwa mwaka mmoja. Lakini kosa la nahodha ni kosa la timu, na timu ya Chini ya Ngazi haitaingia fainali, wala wanachama wake hawatapokelewa kwenye mafunzo mwaka huu. Chuo kilimpa Mwalimu barua ya onyo na ukuu wa idara kikampa mwingine. Alibaki na darasa lake, na simu zake akawa anazipiga kwa simu yake ya mkononi.

Mama Halo alikwenda kibandani kuomba radhi. Aliziomba kwa sauti, wateja wakiwepo, kama alivyotukana. Fundi aliendelea kupiga tupa ufunguo aliokuwa nao.

"Nimesikia," alisema. Hakunyanyua macho. Mama Halo alisubiri akaribishwe kiti, hakukaribishwa, naye hakumlaumu Fundi.

Jumapili mama yake alimkuta anaanika nguo. Mwalimu alikuwa amekuja asubuhi, akaongea na mama yake ndani, akaondoka bila kupita uani.

"Umemwangusha kaka yako," mama alisema. "Mtoto wa tumbo moja. Kazi ya simu inaisha, fainali umeikosa, kila kitu umekikosa hata baada ya kusema. Sasa ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

Mama Halo alilikung'uta shati, akalibana kwenye kamba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nisingepungukiwa kitu, Mama," alisema. "Ndiyo maana alinichagua mimi."